Begi la Dharura kwa Familia Yenye Mtoto Mchanga: Mwongozo kwa Wananchi wa Kasulu na Kibondo

Familia yenye mtoto mchanga inapolazimika kuhama nyumba ghafla kwa sababu ya mafuriko, upepo mkali, kuporomoka kwa kuta au tetemeko la ardhi, usalama wa mtoto katika siku tatu za mwanzo hautegemei wingi wa mali iliyookolewa. Unategemea mambo manne: joto la mwili wake, maziwa ya mama yake, maji salama na nyaraka zinazomtambulisha.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa begi la dharura linalobeba mambo hayo manne, kwa kuzingatia mazingira ya Wilaya za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma. Kanuni inayoongoza maelezo yote ni moja: begi lifungwe kwa namna ambayo, hata familia ikilazimika kuacha kila kitu kingine njiani, mtoto ataweza kuvuka siku hizo salama.

Hatari zinazoweza kuilazimisha familia kuhama

Kasulu na Kibondo zipo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, juu zaidi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambao upo takriban mita 770 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa mvua katika nyanda hizi huwa na baridi, na mtoto aliyelowa hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Nyumba nyingi za vijijini zimejengwa kwa tofali za udongo. Maji yakituama kwenye msingi kwa muda mrefu, tofali zisizochomwa hulainika na ukuta unaweza kuanguka bila ishara kubwa, wakati mwingine baada ya mvua yenyewe kukatika. Mabonde ya mito, likiwamo bonde la Mto Malagarasi, hujaa maji yanayotoka maeneo ya juu hata pale ambapo kijijini hakukunyesha siku hiyo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huihesabu sehemu ya kaskazini ya Mkoa wa Kigoma, upande wa Kibondo, miongoni mwa maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua, yaani Vuli na Masika. Sehemu ya kusini ya mkoa hupata msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba hadi Aprili. Kwa sababu hiyo, mwananchi anashauriwa kusikiliza utabiri unaotaja eneo lake, wala asichukulie kuwa taarifa iliyotolewa kwa wilaya jirani inamhusu moja kwa moja.

TMA hutoa tahadhari kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Katika taarifa hizo, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa familia yenye mtoto mchanga, angalizo linatosha kuwa sababu ya kulisogeza begi karibu na mlango.

Aidha, Mkoa wa Kigoma upo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, eneo lenye matetemeko ya ardhi. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliukumba Mkoa wa Kagera, jirani na Kigoma, likasababisha vifo vya watu 17 na kubomoa nyumba nyingi. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh mkoani Manyara na kuua watu zaidi ya 80. Katika matukio ya aina hiyo hakuna muda wa kutafuta nguo za mtoto chumbani.

Funzo la Kagunga

Mkoa wa Kigoma una kumbukumbu ya karibu ya namna maisha ya watoto yanavyokuwa hatarini baada ya familia kuhama ghafla. Mwezi Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko nchini Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, kwenye ukanda mwembamba uliopo kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kijiji hicho hakikuwa na vyoo wala maji salama ya kutosha umati huo. Ugonjwa wa kipindupindu ulilipuka, na hadi tarehe 22 Mei walikuwa wameripotiwa wagonjwa takriban 3,000 na vifo 31. Meli ya MV Liemba na vyombo vingine viliwasafirisha watu hao hadi mjini Kigoma, kisha mabasi yakawapeleka katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena ili kupunguza msongamano.

Watu hao walikuwa wamekwisha kuikwepa hatari iliyowafukuza makwao. Kilichowaua wengi wa waliofariki Kagunga ni maji machafu na kuharisha. Hali hiyo inaweza kujirudia katika darasa la shule linalohifadhi familia 20 zilizobomolewa nyumba na upepo. Kwa hiyo sabuni, chombo safi cha maji na dawa ya kutibu maji vina uzito uleule wa blanketi katika begi la mtoto.

Kanuni ya uzito: sehemu tatu, mikono miwili

Mtoto wa miezi sita huwa na uzito wa takriban kilo 7 hadi 8. Mama anayetembea gizani katika njia ya utelezi akiwa na mtoto huyo mgongoni hawezi kubeba begi la kilo 15 bila kujihatarisha. Orodha ndefu ya vitu ambayo haibebeki haina faida.

Familia inashauriwa kugawa mahitaji katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kifuko kidogo kinachokaa mwilini mwa mama au mlezi. Ya pili ni begi la mtoto lisilozidi kilo 5, linaloweza kubebwa na mama mwenyewe iwapo yupo peke yake. Ya tatu ni ndoo ya familia, ambayo hubebwa na baba, ndugu au mtoto mkubwa. Ikilazimu kupunguza mzigo njiani, ndoo ya familia iachwe kwanza. Begi la mtoto liachwe pale tu linapozuia kumwokoa mtoto, na kifuko cha mwilini kisivuliwe.

Kifuko cha mwilini

Kifuko hiki kishonwe kwa kitambaa kigumu chenye kamba ya kuning'iniza shingoni au kufunga kiunoni, ndani ya nguo. Vitu vyake vifungwe kwanza katika nailoni nzito ili visilowe. Ndani yake viwekwe:

Kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi hii inaonesha uzito wake na chanjo alizopata. Ratiba ya chanjo nchini huanza wakati wa kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na baadaye miezi 9 na 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Mtoto anayefika mahali pa hifadhi bila kadi huweza kukosa chanjo iliyokuwa imefika wakati wake, na surua husambaa haraka penye msongamano.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), pamoja na vitambulisho vya Taifa vya wazazi na kadi ya bima ya afya kwa walio nayo. Kwa familia zinazoishi katika kambi za Nyarugusu na Nduta, nyaraka za utambulisho wa mkimbizi na kadi ya mgao zina nafasi hiyo hiyo.

Simu, fedha taslimu kidogo zenye noti ndogo, na karatasi yenye namba za simu za ndugu wawili au watatu zilizoandikwa kwa kalamu. Simu ikiisha chaji, namba zilizomo ndani yake hazina msaada. Picha za nyaraka zote zipigwe kwa simu na kutumwa kwa ndugu anayeishi nje ya wilaya.

Kitambulisho cha mtoto kishonwe kwa ndani ya nguo zake: jina lake, majina ya wazazi, kijiji na namba ya simu. Maandishi hayo yasiwe mahali ambapo kila mpita njia anaweza kuyasoma.

Begi la mtoto

Begi la mgongoni lenye mikanda miwili ndilo linalofaa zaidi kwa kuwa huacha mikono huru. Asiye nalo anaweza kutumia mfuko imara wenye zipu. Vitu vyote vipangwe katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni joto. Viwekwe blanketi dogo moja la mtoto, kanga au vitenge viwili, seti nne za nguo, kofia mbili na soksi jozi mbili. Kanga ina kazi nyingi: ni mbeleko, shuka, kivuli, pazia la mama anayenyonyesha na kitambaa cha kuchujia maji yenye tope. Njia ya uhakika zaidi ya kumpa mtoto mchanga joto ni ile inayotumika katika wodi za watoto njiti, inayojulikana kama huduma ya kangaruu: mtoto akiwa na nepi na kofia pekee huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili hufunikwa. Njia hiyo haihitaji kifaa chochote, na baba au bibi anaweza kuifanya mama anapopumzika. Nguo zilizolowa zivuliwe mara moja, kwa kuwa nguo yenye maji humpoza mtoto kuliko hewa yenyewe. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba au hema lililofungwa kwa nia ya kumpasha mtoto joto, kwani hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Kundi la pili ni chakula. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, chakula kilicho salama kuliko vyote ni maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji. Ndiyo maana kundi hili, kwa umri huo, ni la mama: chupa ya maji ya lita moja, karanga za kukaanga, dagaa waliokaushwa na biskuti. Hofu na uchovu vinaweza kuchelewesha maziwa kutoka kwa muda, lakini havikaushi maziwa. Mtoto akinyonyeshwa mara kwa mara, maziwa huendelea kutengenezwa. Mama anayenyonyesha apewe maji na chakula kwanza katika familia.

Kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, kunyonya kuendelee na kuongezwe chakula kilaini: ndizi mbivu za kuponda, viazi vitamu vilivyochemshwa, au uji wa unga uliochanganywa na karanga zilizosagwa vizuri. Unga wa siku tatu, takriban nusu kilo, ufungwe mahali pakavu. Viwekwe kikombe kimoja kisicho na mfuniko na kijiko kimoja. Chupa za kunyonyea zenye chuchu za mpira ziachwe nyumbani, kwani ni vigumu kuzisafisha pasipo maji ya kutosha na huwa chanzo cha kuharisha. Hata mtoto mchanga anaweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo akishikwa wima.

Kundi la tatu ni usafi. Nepi 12 za kitambaa zinatosha siku tatu iwapo zitafuliwa kila siku. Nepi za kutupwa ni nyepesi na zinafaa kwa saa za mwanzo, lakini zikiisha haziwezi kutumika tena, na mahali pa kuzitupa huwa tatizo katika eneo la hifadhi. Viongezwe kipande cha sabuni, kitambaa cha nailoni cha kumlazia mtoto, mfuko wa nepi chafu na pedi za mama, hasa aliyejifungua karibuni. Kinyesi cha mtoto kinaambukiza sawa na cha mtu mzima, hivyo kitupwe chooni au kifukiwe, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kumnyonyesha. Kitovu kibichi kiachwe kikavu na kisafi bila kupakwa kitu.

Kundi la nne ni kinga na dawa. Chandarua chenye dawa kikunjwe pamoja na kamba ya mita tano ya kukifunga. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionesha kuwa Mkoa wa Kigoma ulikuwa na kiwango kikubwa cha malaria kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara, takriban asilimia 24 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa. Familia iliyolala shuleni bila chandarua hukabiliwa na hatari hiyo kuanzia usiku wa kwanza.

Viongezwe pakiti nne hadi sita za ORS, vidonge vya zinki, kipimajoto na dawa ya maji ya parasetamoli yenye kipimo kilichoandikwa na mtoa huduma kulingana na uzito wa mtoto. Pakiti ya ORS ichanganywe na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, bila kupunguza wala kuongeza. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa robo hadi nusu kikombe cha chai kila baada ya kuharisha, kidogo kidogo, huku akiendelea kunyonya. Dawa za kuua vijidudu na dawa za malaria zilizobaki kwa mgonjwa mwingine zisiwekwe katika begi. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa ndani ya saa 24.

Ndoo ya familia

Viwango vya kimataifa vya huduma wakati wa maafa vinataja lita 15 za maji kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote, ambapo lita 2.5 hadi 3 ni za kunywa na chakula. Kwa wazazi wawili na mtoto mkubwa mmoja, maji ya kunywa pekee kwa siku tatu yangefika lita 27, yaani kilo 27. Hakuna familia inayoweza kukimbia na mzigo huo. Kwa hiyo inafaa kubeba uwezo wa kupata maji salama: chombo safi na dawa ya kutibu maji.

Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana inafaa kuliko mfuko. Njiani huhifadhi vitu visilowe, na mwisho wa safari huwa chombo cha maji. Ndani yake viwekwe vidonge vya kutibu maji, kikombe chenye mkono mrefu cha kuchotea, sufuria ndogo, kiberiti kilichofungwa vizuri, chumvi, unga, tochi na betri, redio ndogo, kisu na turubai jepesi. Dumu la lita 5 lililojazwa maji lifungwe kando yake.

Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yatibiwe. Kila aina ya kidonge imetengenezwa kwa kiasi maalumu cha maji, hivyo maelezo ya pakiti yasomwe kabla ya dharura, na maji yaachwe kwa muda uliotajwa, ambao kwa kawaida ni dakika 30. Panapo kuni, maji yachemshwe hadi yatokote kabisa, yaachwe yapoe na yafunikwe. Mkono usitumbukizwe ndani ya ndoo.

Mama anayetumia dawa na mtoto asiyenyonya

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aweke katika kifuko cha mwilini kadi yake ya kliniki ya tiba na dawa za kufubaza virusi za angalau wiki mbili, pamoja na dawa ya kinga ya mtoto iwapo bado anapewa. Kuendelea kutumia dawa bila kukatisha ndiko kunakomwezesha kunyonyesha kwa usalama. Akiishiwa, aende katika kituo chochote cha afya kilicho karibu na kueleza hali yake, bila kusubiri kurejea kituo alichoandikishwa.

Mtoto aliyefiwa na mama, au asiyeweza kunyonya kwa sababu nyingine, anahitaji mpango unaofanywa mapema na mtoa huduma wa kliniki. Maziwa ya unga ya kopo hutengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na vipimo sahihi. Yakizidishwa maji humdhoofisha mtoto, na yakichanganywa na maji machafu humwua. Maziwa ya ng'ombe au mbuzi yasiyoandaliwa kwa ushauri wa mtaalamu hayafai kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Wenye nia njema wanaotaka kuchangia familia zilizopatwa na maafa wanaombwa kutogawa maziwa ya kopo au chupa kwa kila mama, kwani mama anayenyonyesha akianza kuyatumia, maziwa yake hupungua na msaada huo huwa na kikomo.

Wakati wa kuondoka

Maji yakianza kuingia uani, nyufa zikiongezeka ukutani au ardhi ya mteremko ikianza kupasuka, familia iondoke mapema, ikiwezekana kabla ya giza. Mtoto afungwe mwilini kwa mbeleko, uso wake ukiwa wazi ili apumue vizuri. Familia isivuke maji yanayokwenda kasi hata kama kina chake kinaonekana kidogo, na isijikinge radi chini ya mti.

Tetemeko likitokea, mtoto ndiye wa kwanza kuchukuliwa na begi lichukuliwe pale tu lilipo mkononi au njiani kuelekea nje. Ndiyo sababu begi linatundikwa karibu na mlango unaotumika usiku, juu ya usawa ambao maji yanaweza kufika, wala halifungiwi kabatini. Mtu asirudi ndani ya nyumba iliyopasuka kwa ajili ya kitu chochote.

Wanafamilia wakubaliane mapema sehemu mbili za kukutana: moja karibu na nyumba, nyingine mbali kidogo, kama vile shule au ofisi ya kijiji iliyopo sehemu ya juu. Kila mmoja ajue nani anambeba mtoto, nani anabeba begi na nani anabeba ndoo. Mama anayeishi peke yake apange na jirani.

Baada ya kufika mahali pa hifadhi

Jambo la kwanza ni kumkausha mtoto, kumpa joto la ngozi kwa ngozi na kumnyonyesha. La pili ni kujiandikisha kwa kiongozi wa eneo, akitajiwa umri wa mtoto kwa miezi na iwapo mama ni mjamzito au amejifungua karibuni. La tatu ni kuomba sehemu ya akina mama wanaonyonyesha, mbali na vyoo na moshi. Mtoto akipotezana na wazazi, taarifa itolewe mara moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii au kwa namba 116.

Mtoto apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akionesha mojawapo ya dalili hizi: kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kutoamka kwa urahisi, macho kudidimia, kinyesi chenye damu, kifua kubonyea anapovuta hewa, au kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi miwili, na mara 50 au zaidi akiwa na miezi 2 hadi 11. Kwa mtoto aliye chini ya siku 28, homa ni dalili ya hatari, na mwili kuwa wa baridi pia ni dalili ya hatari.

Kukagua begi kila siku ya kliniki

Mtoto hukua haraka, na nguo zilizofungwa mwezi wa pili hazimtoshi mwezi wa saba. Njia rahisi ya kukumbuka ni kulifungua begi kila siku mtoto anapotoka kliniki kupimwa uzito. Siku hiyo nguo zibadilishwe kulingana na umbo lake, tarehe za dawa zikaguliwe, maji na vyakula vibadilishwe, betri zijaribiwe, na kadi ya kliniki irudishwe katika kifuko chake. Miezi sita ikitimia, kundi la chakula liongezwe unga na kijiko.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya Mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa. Wananchi wanashauriwa kuifahamu kamati ya kijiji au mtaa wao, kuuliza ni majengo gani yameandaliwa kwa hifadhi, na kuitaarifu kuhusu kaya zenye watoto wachanga, wajawazito, wazee na watu wenye ulemavu kabla ya msimu wa mvua kuanza.

Namba za simu za dharura zinazopaswa kuandikwa na kuwekwa katika kifuko cha mwilini ni 112 kwa Jeshi la Polisi, 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 115 kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kupitia mfumo wa m-mama, 116 kwa huduma ya simu kwa mtoto, na 199 kwa Wizara ya Afya.

Vitu vingi vilivyotajwa katika makala haya tayari vimo ndani ya nyumba za wananchi wa Kasulu na Kibondo. Kinachohitajika ni kuvikusanya mahali pamoja, kuvikinga na maji, kupima kama vinabebeka na kumwonesha kila mwanafamilia vilipo. Kazi hiyo inaweza kukamilika kwa siku moja, wakati anga bado ni jeupe.